Likizo ya Mkono Mwepesi

Uliwahi kumwona baba yako amelala mchana kweupe, mzima wa afya, hana homa wala jeraha? Jibu kwa ukweli. Kama uliwahi, huenda ukamcheka Chiriku. Kama hukuwahi, sogea karibu, maana habari hii ni yako pia.

Chiriku sasa ni mama wa makamo. Ana chumba cha kushonea nguo, cherehani nne, na miwani inayoning'inia shingoni kwa kipande cha utepe wa kupimia. Jina hilo alipachikwa utotoni kwa sababu ya mdomo wake. Ukiingia kwake kupimwa suruali unatoka na habari za mtaa mzima, na suruali yenyewe hujui itakuwa tayari lini. Ila mteja akimwambia, "Nishonee haraka, tunakwenda likizo na watoto," hapo hunyamaza ghafla. Huuma uzi, huutema, kisha huuliza: "Nani anaumwa?"

Watu hucheka, wakidhani ni mzaha. Si mzaha.

Alizaliwa kwenye kota za kiwanda cha nguo. Zilikuwa safu ndefu za vyumba viwili viwili, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, na ng'ambo ya barabara ya vumbi kiwanda kilinguruma kutwa kucha. Nyuzinyuzi za pamba zilipeperuka zikatua kwenye nywele za akina mama, kwenye chai, kwenye nguo zilizoanikwa. Watoto wa pale walizoea kuzungumza kwa kupiga kelele, kwa kuwa baba zao karibu wote walikuwa nusu viziwi.

Baba yake alikuwa fundi mikanda. Mashine za ukumbi wa kufuma ziliendeshwa kwa mikanda mipana iliyoshuka kutoka kwenye mhimili mrefu wa chuma juu darini. Mkanda ukichomoka, mashine yake husimama. Kwa utaratibu uliopakwa rangi ukutani, mhimili ulipaswa kuzimwa kwanza, mkanda urudishwe, ndipo mhimili uwashwe tena. Kwa utaratibu wa nyapara, hakuna kuzima. Kuzima mhimili ni kusimamisha safu nzima ya mashine, na safu nzima ikisimama mwenye mali hukosa usingizi. Basi baba yake Chiriku aliudaka mkanda huku unakimbia, akauvisha gurudumu kwa kiganja, upesi kama mtu anayempokonya paka samaki. Wenzake walimwita Mkono Mwepesi. Alijivunia jina hilo kama wengine wanavyojivunia cheo. Kidole chake cha pete kiliishia kwenye kifundo cha kwanza, na watoto walipomuuliza kipande kingine kilikwenda wapi, alisema: "Nimekiazimisha kiwandani. Nikistaafu watanirudishia."

Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu. Ndivyo dhuluma inavyoingia nyumbani mwa watu: inabisha hodi ikiwa imevaa utani, nasi tunaipa kiti.

Sasa kuhusu likizo. Sheria ilisema kila mfanyakazi apumzike mara moja kwa mwaka. Katika kiwanda kile, sheria hiyo haikuwahi kuvuka geti. Aliyepewa likizo alikuwa ni yule tu ambaye mapafu yake yameshajaa pamba, anayekohoa mpaka anapiga magoti, ambaye nyapara hataki amfie mikononi. "Kapewa likizo," wanawake walinong'onezana bombani, na aliyesikia alimtazama mke wa mtu huyo kwa jicho la huruma. Jirani yao wa ukuta wa kushoto, mzee wa kupaka nyuzi rangi, alipewa likizo Jumatatu. Juma halikuisha, viti vikapangwa uani kwake na watu wakaja kuketi wameinamisha vichwa. Chiriku alikuwa mkubwa vya kutosha kuunganisha mambo hayo. Likizo, kisha viti uani.

Kwa hiyo jioni ile baba alipoingia, akavua viatu mlangoni na kusema, "Mama Chiriku, nimepewa likizo," mwiko ulimponyoka mama ukazama sufuriani.

"Unaumwa nini?"

"Siumwi."

"Tangu lini?"

"Nimesema siumwi, mama watoto! Ni ule mgomo wetu wa kudai likizo. Tumeshinda. Likizo zinatolewa kwa zamu na mimi nimo kundi la kwanza. Tena kuna nyumba ya mapumziko kule ziwani, na lori la kiwanda litatupeleka. Sote!"

Kwenye kona ya chumba alikaa shangazi, dada yake baba aliyeishi nao tangu afiwe na mumewe, mtu asiyeweza kuacha neno lipite bila kulishika mkia.

"Kaka," alisema, "wakubwa wale hawatoi hata salamu bure. Leo wakupe ziwa? Hebu toa ulimi niuone."

Baba akacheka, akatoa ulimi. Shangazi akauchungulia kwa taa. Chiriku naye akauchungulia kutoka chini ya kwapa la shangazi, akauona mweupe. Ulimi wa baba ulikuwa mweupe kila siku kwa vumbi la pamba, lakini ile ndiyo siku aliyouona. Watu wazima, alijua, hawawaambii watoto ukweli kuhusu ugonjwa. Yule mzee wa rangi pia alisema haumwi.

Safari ilikuwa juu ya marobota ya kitambaa, nyuma ya lori. Mdogo wake, aliyeitwa Bonge kwa sababu zilizoonekana wazi, aliimba njia nzima. Mama alijifunga kitambaa kichwani na kuvitazama vilima kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Chiriku hakutazama vilima. Alimtazama baba. Baba akikohoa, yeye anabana pumzi mpaka kikohozi kiishe.

"Huyu kameza nini leo?" mama aliuliza. "Tangu asubuhi sijaambiwa jambo lolote nisilotaka kulijua."

"Anaona haya," alisema baba. "Hajawahi kuwa tajiri."

Nyumba ya mapumziko ilikuwa ndogo, ya kuta nyeupe na sakafu ya saruji nyekundu iliyong'arishwa. Ilikuwa na vitanda vya chuma vilivyolia kila mtu akijigeuza, baraza yenye kiti cha uvivu cha turubai, na uani tangi la maji juu ya miguu mirefu. Pembeni ya uani kilisimama kibanda cha mabati chenye injini ya dizeli ya kuvutia maji kutoka ziwani. Mtunza nyumba alikuwa mwanamume mfupi, wa maneno machache, aliyevaa kofia ya sufi hata jua likiwa kali. Aliwapokea vizuri, akawaonyesha jiko, akawaonya wasiwaachie watoto wacheze kibandani, basi.

Asubuhi ya kwanza baba aliamka alfajiri kwa mazoea, akavaa, akafika mpaka mlangoni, akasimama. Hapakuwa na pa kwenda. Akakaza bawaba ya dirisha. Akanyoosha waya wa kuanikia nguo. Akamuuliza mtunza nyumba kama kuna chochote kinachohitaji kutengenezwa. Mtunza nyumba akamwambia, "Kuna kiti pale barazani. Kinahitaji mtu."

Baba akaenda kukaa. Alikaa wima, mikono magotini, kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Alipokwisha kunywa chai ya saa nne aliegemea kidogo. Kisha akaegemea zaidi. Kisha kichwa kikalala upande, mdomo ukafunguka, na Mkono Mwepesi akalala usingizi, jua likiwa utosini.

Chiriku alikuwa akicheza na Bonge kwenye ngazi. Alipogeuka na kumwona, aliacha mchezo akapanda barazani.

"Baba."

Akamgusa goti.

"Baba!"

Alipiga kelele ya kota, ile ya kushinda mashine. Ndege waliruka kutoka kwenye paa. Baba hakutikisika. Akamfinya kwenye mkono. Baba alisema "Mm," akageuza uso, akaendelea.

Mama alikuja na mikono yenye povu la sabuni. Shangazi akamfuata, akaenda moja kwa moja kuweka vidole chini ya pua ya kaka yake.

"Anapumua," alisema. "Lakini taratibu mno. Wifi, mimi nimekua na mtu huyu. Hajawahi kulala mchana. Hata siku waliyomkata kidole alirudi akapasua kuni."

"Jana hakumaliza chakula," mama alisema polepole.

"Unaona?"

"Na usiku hakukoroma."

"Unaona, wifi?"

Mtunza nyumba alikuwa akipita na ndoo. Akawatazama wanawake wawili na watoto wawili waliomzunguka mwanamume aliyelala kitini, akashangaa.

"Mwacheni bwana wa watu. Amechoka."

"Amechoka na nini?" shangazi alimgeukia kwa ukali. "Tangu juzi hajafanya kazi yoyote!"

Mtu yule akaenda zake na ndoo yake. Na ndani ya swali lile la shangazi, ukitaka, utaisoma historia ya kota zote za dunia. Watu wale hawakuwa wajinga. Walimjua baba yao akiwa kazini na wakamjua akiwa mgonjwa, na hapakuwa na hali ya tatu waliyowahi kuonyeshwa. Nani aliwaibia hiyo hali ya tatu? Muulize mwenye mali, kama utampata ameamka.

Mama alisema wasubiri, wasimshtue. Alirudi kufua lakini hakufua. Ilisikika ndoo moja ikimiminwa kwenye nyingine, na nyingine kwenye ya kwanza. Chiriku alikaa sakafuni karibu na kiti, ameshika upindo wa suruali ya baba. Alijiambia kwamba maadamu ameushika, baba hawezi kwenda popote. Alihesabu pumzi zake, akapotea, akaanza upya. Nzi alitua kwenye paji la uso wa baba na hakufukuzwa. Chiriku akamfukuza yeye, huku machozi yanamchuruzika bila sauti.

Ndipo aliposikia kitu kikiburutwa. Akainua macho. Mtunza nyumba alikuwa akitoa viti. Alitoa kimoja kutoka sebuleni, akakiweka uani. Akatoa cha pili, akakiweka kando yake. Akatoa cha tatu.

Chiriku alipiga ukelele uliomfanya Bonge aanguke kwenye ngazi. Alishuka mbio mguu niponye, akamrukia yule mwanamume kiunoni, akampiga ngumi.

"Virudishe! Virudishe ndani! Hajafa!"

"Nani hajafa? We mtoto, una nini?" Mtunza nyumba aliinua mikono juu kama aliyevamiwa na nyuki. "Viti vina kunguni! Navianika! Mama watoto, njoo umchukue mwanao!"

Mama alikuja akamchukua. Lakini Chiriku aliuona uso wa mama alipoviona vile viti vitatu juani, akajua kwamba mama naye ameviona kama alivyoviona yeye. Hilo lilimwogopesha kuliko viti vyenyewe.

Mtunza nyumba alienda kibandani akitikisa kichwa. Ulikuwa wakati wake wa kujaza tangi. Aliuzungusha mkono wa kuwashia, injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikawaka. Uani pote pakatetemeka.

Baba hakuisikia kwa masikio. Aliisikia kwa nyayo. Macho yalifunguka, na kabla hayajaona chochote alikwisha kusimama, anapapasa kando ya kiti akitafuta kofia ya kazini ambayo hakuja nayo.

"Baba!" Chiriku alilia, safari hii kwa furaha. Alikuwa amesimama! Alikuwa na miguu! Shangazi aliinua mikono juu, mama akaketi ghafla kwenye kimoja cha viti vya kunguni, akaanza kucheka na kulia pamoja.

Halafu kibandani kukasikika mlio mwingine: pa, pa, pa, kama mtu anayepiga godoro kwa fimbo. Mkanda wa pampu ulikuwa umechomoka, unachapa bati.

Baba akakimbia. Hakukimbia kama mgonjwa wala kama mtu aliye likizoni. Alikimbia kama alivyokimbia katika ukumbi wa kufuma maisha yake yote, ameinamisha kichwa, kiganja kimeshafunguka. Mtunza nyumba alikuwa ametoka kwenda kuchota dizeli nyuma ya kibanda. Baba akaingia peke yake, na Chiriku nyuma yake, kwa sababu aliapa kutomwachia.

Akafika mlangoni kwa wakati wa kuuona mkono. Ulinyooka, ukaudaka mkanda, ukaupeleka kwenye gurudumu kwa ule wepesi ambao kota nzima iliusifu. Mkanda ukaingia nusu. Lakini mkanda huu haukuwa kama ile ya kiwandani. Ulikuwa umeungwa kwa waya, na ncha ya waya ilikuwa wazi. Ikashika mkono wa shati.

Chiriku aliliona shati la baba likizunguka kwenye gurudumu, likijikunja na kujikunja, buluu kwenye weusi wa grisi. Aliliona shati. Hakumwona baba. Alifungua mdomo na sauti haikutoka. Yule mtoto aliyezaliwa akipiga kelele alisimama pale bila hata pumzi, akingoja kuona ni nini kingine kitazunguka pamoja na shati.

Injini ikazimika. Mtunza nyumba alikuwa ameingia kwa upande wa nyuma na kuvuta kishikio.

Baba alikuwa sakafuni nyuma ya pipa tupu, kifua wazi. Shati lilikuwa kuukuu. Lilikuwa limepasuka mgongoni na kumwachia. Mkono wake, kuanzia kifundo mpaka kiwiko, ulikuwa umechubuka ukitoa damu. Alikuwa akiutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Mzee," mtunza nyumba alisema, "kwa nini hukuizima?"

Akakigusa kishikio.

"Kishikio hiki hapa. Unavuta, inazimika. Hata mtoto anaweza."

"Nani ameruhusu?" baba aliuliza.

"Aruhusu nani? Pampu hii! Maji yakichelewa tunangoja. Kwani kuna nini?"

Mama aliingia, akamwona, akamshika kichwa kwa mikono miwili. Shangazi alikuwa mlangoni, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuanza yeye. Alianza baadaye, walipokwisha kuuosha mkono na kuufunga kitambaa.

"Kaka, nilidhani wamekupa likizo. Kumbe umebeba kiwanda kizima kichwani ukakileta huku! Ungesema, tungekilipia nauli."

Baba alitabasamu kidogo. Chiriku hakutabasamu. Jua lilipokuwa linapungua aliketi kando ya baba barazani, akauliza alichokuwa nacho kooni tangu adhuhuri.

"Baba, mkanda ukichomoka tena, utaudaka?"

Baba aliugeuza mkono uliofungwa, akautazama huku na huku.

"Mimi sikutaka kuudaka, mwanangu," alisema. "Mkono ulikwenda wenyewe."

Jibu hilo lilimtisha zaidi. Ugonjwa una dawa, au hauna. Lakini mkono unaokwenda wenyewe, utaufunga kwa kamba gani? Na aliposikia mtunza nyumba akimwomba baba, kwa vile ni fundi, amsaidie kuunga ule mkanda vizuri kesho yake, na baba akiitikia, Chiriku alijifunika shuka gubigubi na kuuma ncha yake mpaka usingizi ulipomchukua.

Asubuhi iliyofuata baba na mtunza nyumba walikuwa tayari kibandani kabla Chiriku hajaamka. Alisikia injini ikiwaka, akatoka bila viatu. Mama alimwita, hakuitika. Alisimama palepale mlangoni pa jana.

Mkanda ulikuwa na kiungo kipya, kilichoshonwa kwa ukanda wa ngozi. Uliingia kwenye gurudumu, ukazunguka vizuri kwa muda. Mtunza nyumba akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaenda kutazama tangi. Kisha mkanda, ambao bado ulikuwa mlegevu, ukaanza kutembea pembeni. Ukafika ukingoni. Ukachomoka, ukaanza kuchapa bati: pa, pa, pa.

Mkono wa baba ukainuka. Chiriku aliuona, ule mzima, kiganja wazi, ukienda. Ukafika katikati ya njia. Jasho lilikuwa limetoka kwenye shingo ya baba, na bega lake lilikuwa likitetemeka kama la mtu anayemzuia mbwa mkali kwa mnyororo.

Akauvuta mkono nyuma. Akageuka, akashika kishikio, akakivuta.

Injini ikaacha kunguruma, lakini gurudumu liliendelea kuzunguka kwa nguvu zake lenyewe. Baba hakuligusa. Aliweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo, akaishikanisha, akasimama akilitazama likipunguza mwendo, mpaka mtu angeweza kuona kila mkwaruzo kwenye chuma chake, mpaka likasita, likarudi nyuma kidogo, na kusimama kabisa.